Jina Moja kwa Shamba la Korongoni

Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni sitawapa jibu. Nimelitafuta mwenyewe nikalikosa.

Palikuwa na watu watatu, majirani. Mzee Wekulo alikuwa na ardhi. Soita hakuwa na ardhi wala mke, lakini alizijua njia za maji kama mtu ajuavyo njia ya kwao. Nafuna, mjane, alikuwa na mikono isiyochoka.

Ardhi ya Mzee Wekulo ilikuwa ekari mbili mteremkoni, na korongo lilikuwa limeipasua katikati. Tajiri mmoja alitaka kuinunua achimbe mawe. Wakati huo goti la mzee lilikuwa limevimba, na daktari alitaka pesa za upasuaji. Wanawe wakamsihi auze.

"Ardhi ikiuzwa hairudi," akawaambia. Mpaka leo anatembelea magongo.

Soita akamwendea. "Mzee, korongo hili linazibika."

Viangazi viwili alibeba mawe, akayapanga toka juu hadi chini, akapanda matete kandokando. Jiwe moja lilimponyoka likamsaga vidole viwili. Alivifunga kitambaa, na wiki iliyofuata akarudi. Mvua ilipokuja, maji yalitulia, udongo ukabaki.

Ndipo Nafuna akaingia na jembe. Alipanda mahindi, viwavi wakayavamia, na dawa hakuwa nayo. Alipita mstari kwa mstari akiwatoa kwa mkono, siku kumi na tisa. Katikati ya siku hizo dada yake alifariki. Nafuna hakwenda mazishini, kwa kuwa alijua akikosekana siku mbili hatakuta jani. Hilo bado linamliza.

Walivuna magunia thelathini na sita, wakagawana sawa bila neno.

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza ruzuku: kila mkulima aliyesajiliwa angelipwa kila msimu ajinunulie mbolea na mbegu. Afisa wa kilimo, Bi. Jerotich, akafika na daftari.

"Shamba moja, jina moja," alisema. "Na likishaingia halibadilishwi kwa miaka mitano. Mkulima wa hapa ni nani?"

"Andika yeyote, tutagawana," alisema Nafuna.

"Pesa mgawane mtakavyo, mama. Lakini mwenye jina ndiye tutakayemtambua. Neno lolote la shamba hili, tutamwuliza yeye."

Mzee Wekulo akakohoa. "Nikimwandikisha mwingine, wanangu watasema nimegawa urithi wao. Nikifa watawafukuza nyote wawili."

"Nami nisipoandikwa, mzee," alisema Soita, "siku tukikosana nitaondoka na nini? Sina hata pa kuzikwa."

Nafuna alikuwa akitazama miguu yake. "Tangu nizaliwe naandikwa binti wa fulani, kisha mke wa fulani. Mimi Nafuna sijaandikwa popote."

Bi. Jerotich akafunga daftari taratibu. "Nitarudi Ijumaa. Nisipopata jina, shamba litabaki nje ya orodha."

Haya, wenzangu. Bila Wekulo, pale pangekuwa machimbo ya mawe. Bila Soita, pangekuwa korongo. Bila Nafuna, pangekuwa mabua matupu. Na Ijumaa ni kesho.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na hao wawili wengine ungewaambia nini?