Ngiri Alivyopiga Hodi kwa Mkia

Hodi hapa mlangoni!
— Karibu na hadithi yako!
Niingie na miguu?
— Ingia na ulimi!
Na ulimi wangu ukikosa chumvi?
— Uje tu, tutauonja!

Haya, nimekuja. Hapo kale, zama ambazo ngiri alikimbia huku mkia wake umelala chini kama wa ng'ombe, palikuwa na kilima cha mawe. Kila jiwe lilikuwa na uwazi ndani yake, na kila uwazi ulikuwa nyumba ya panya. Nyumba hizo ziliitwa chembe, kwa sababu ukizitazama kutoka bondeni zilikuwa ndogo kama chembe za mchanga. Ukuta wa chembe ulikuwa jiwe tupu. Mlango wake ulikuwa kitundu ambacho hata ngumi ya mtoto haipiti. Na katika kila kitundu aliwekwa konokono mmoja awe bawabu.

Konokono wetu alikuwa bawabu wa chembe ya Bi Panya, katikati ya kilima. Kichwa chake kilikaa nje, mkia wake ulikaa ndani. Hakuingia, hakutoka. Bi Panya alikuwa akimtania:

"We Konokono, kwangu hapa wewe ni mgeni au mwenyeji?"

"Kichwa mgeni, mkia mwenyeji."

"Na chakula nikupe upande upi?"

"Mgeni ndiye anayekula kwanza, mama."

Basi Bi Panya hucheka, akampitishia jani laini kwa nje.

Hodi ya kilima kile haikuwa ya mdomo peke yake. Jirani aliyeishiwa chakula alikuja mlangoni, akagusa pembe ya Konokono ya kulia mara mbili na ya kushoto mara moja: tip-tip, tap. Konokono akajibu, "Karibu." Lakini mgeni hakuingia, maana angepitia wapi? Kilichoingia ni habari tu.

Iliingiaje? Ndani kulikuwa na mtungi wa chokaa, chokaa nyeupe laini kama unga, na mtungi ulikuwa na kifuniko. Pembe zikaguswa, mkia ukapiga, kifuniko kikaruka, puu! Chokaa ikatimka nyumba nzima. Panya wakapiga chafya, chya! chya! chya! Wakajua: jirani ana njaa. Wana wa Bi Panya, wote kumi na wawili, wakakimbilia kibuyu cha uji wa ulezi, wakakisukuma mpaka mlangoni, kikateleza kando ya Konokono, kirrr, tobwe! Kikaangukia mikononi mwa jirani.

Mtasema, kwa nini wasiitane kwa majina? Ita panya kumi na wawili kwa majina uone. Kabla hujafika wa saba, jirani amezimia. Chokaa huwafikia wote mara moja, kwa pua.

Lakini kulikuwa na sharti. Chokaa ikitoka, lazima irudi mtungini. Isiporudi, panya hawaachi kusukuma. Husukuma kibuyu cha pili, cha tatu, cha kumi, mpaka vibuyu viishe, kisha miguu inakaza na wao wanakauka kama kuni. Kwa hiyo, kila kibuyu kilipotoka, walishika vijiko: kwangu-kwangu, kwangu-kwangu. Na kazi hiyo ni nzito kuliko mnavyodhani. Kijiko kimoja cha chokaa, funda moja la uji. Asiyekunywa hakwangui.

Siku moja Ngiri alikuwa amejilaza kichakani, tumbo likinguruma. Akamwona jirani wa Bi Panya akigusa pembe, tip-tip, tap. Akaona kibuyu kinatoka, kirrr, tobwe! Ngiri akaketi wima.

"Kumbe!" akasema. "Mimi ninachimba mizizi mpaka pua inachubuka, na wenzangu wanapewa uji kwa kugusagusa!"

Akamngoja jirani aondoke, akaenda mlangoni. Akasukuma pua yake, pana kama sinia. Pembe zote mbili zikabonyea pamoja. Konokono kimya.

"Hodi!" Kimya.

"We kiziwi?"

"Sisikii kwa masikio, bwana," Konokono akasema. "Hujanigusa inavyopasa."

Ngiri akajaribu kwa kwato, ikawa kubwa mno. Akajaribu kwa jino lake lililopinda, nusura amtoboe bawabu. Mwisho akageuka. Kitundu kilikuwa juu kidogo ya mgongo wake, basi akauinua mkia wima. Ncha yake, yenye kishungi cha nywele, ikafika sawasawa. Tip-tip, tap.

"Karibu," Konokono akajibu, hata kabla hajafikiri.

Pembe zikaguswa, mkia ukapiga, kifuniko kikaruka, puu! Chya! chya! chya! Kirrr, tobwe!

Ngiri akakinywa kile kibuyu kwa pumzi moja. "Mmh! Utamu umeishia shingoni, tumboni haujafika bado."

Kesho yake akagonga mara saba. Vibuyu saba vikatoka. Panya wakakwangua, wakanywa, wakakwangua, wakanywa. Siku ya tatu, tangu jua lilipochomoza, Ngiri hakupumzika hata kidogo. Tip-tip, tap. Puu! Tip-tip, tap. Puu! Chokaa ya kwanza haijakwanguliwa, ya pili imeshatimka. Mlango mzima ukawa kirrr, tobwe, kirrr, tobwe.

Ngiri alipotulia kidogo ili apige mbweu, Bi Panya akaja nyuma ya Konokono, masharubu meupe pepepe.

"Konokono, huyo ni jirani gani mwenye njaa ya kilima kizima?"

Mnajua macho ya konokono yako kwenye ncha za pembe, na tangu zibonyezwe na kuguswaguswa hazikuwa zimeona kitu. Akazinyoosha taratibu, akatazama. Akazirudisha upesi.

"Mama, huyu si jirani. Ni makalio, tena makubwa."

"Makalio ya nani?"

"Ya Ngiri. Anapiga hodi kwa mkia."

Bi Panya akashika kichwa. "Basi usimjibu!"

"Siwezi. Pembe zikiguswa inavyopasa, mkia unapiga. Ndivyo nilivyoumbwa. Hata wewe, mama, ukitekenywa unacheka, hata kama anayekutekenya humpendi."

"Sasa nisikilize," Bi Panya akasema. "Uji umebaki mafunda matatu. Chokaa imejaa mpaka vifundoni. Mwanangu mkubwa tayari hawezi kukunja goti. Huyo akigonga mara moja tena, kesho jirani atakuta kuni kumi na mbili humu ndani, na mimi nikiwa wa kumi na tatu."

Konokono akaona aibu. Mlango ni wake. Hodi aliipokea yeye. Akawaza, na mnajua konokono huwaza jinsi anavyotembea. Lakini hufika.

"Pembe zisipokuwapo," akasema, "zitaguswaje?"

Nyup! Akazivuta pembe. Nyup! Akavuta kichwa. Akajikunja ndani ya gamba lake, mlangoni pakabaki gamba tupu.

Nje Ngiri alikuwa amemaliza kupiga mbweu. Akainua mkia. Tip-tip, tap. Hakuna puu. Akagonga gamba, ko, ko, ko.

"Hodi!"

"Karibu!" Konokono akaitikia kutoka ndani ya gamba.

Ngiri akangoja. Hakuna kilichotoka.

"Hodi, nasema!"

"Karibu, bwana!"

"Karibu, karibu, mbona uji hautoki?"

"Nimesema karibu. Sijasema tayari."

Ngiri akakwaruza ardhi kwa kwato. "Unanichezea? Nitakaa hapa hapa. Jua likupige mpaka utoe hizo pembe ukitafuta umande!"

Na alimaanisha. Akasimama pale, makalio mlangoni, kama gogo. Konokono akamnong'oneza Bi Panya:

"Mafunda matatu yanarudisha vijiko vingapi?"

"Vitatu."

"Na sakafuni kuna vingapi?"

"Mia, vikipungua tisini."

"Basi haitarudi mtungini yote. Iliyobaki itoke nje, kazi nyepesi kuliko kuirudisha."

"Itokeje? Mlango ni mmoja, na umo wewe."

"Itatolewa na mgeni mwenyewe, mama. Kanda chokaa na ukoko wa uji na maji kidogo. Iwe nzito, ya kushika." Kisha akapaza sauti: "Bwana Ngiri! Tumeona aibu. Mnyama wa heshima kama wewe kunyweshwa kwa vibuyu kama kifaranga! Humu ndani kuna chungu kizima. Ingiza mkia wako, tuufunge kwenye chungu, uvute mwenyewe."

Ngiri akainamisha kichwa. "Chungu kizima kitapita kwenye kitundu hicho?"

"Aa! Samahani, bwana. Anayeuliza maswali ameshashiba. Ngoja nimwite Nungunungu, yeye hana maswali."

"Nani ameshiba?" Ngiri akafoka. "Jibane huko, napitisha mkia!"

Konokono akajibana upande mmoja wa kitundu. Mkia ukaingia wima mpaka shinani. Bi Panya akawagawia wanawe yale mafunda matatu, kila mmoja akapata robo ya funda, akalamba na kijiko. Wakaanza. Paka-paka, paka-paka, wakaupaka mkia chokaa.

"Mbona baridi?" Ngiri akauliza.

"Kamba imelowa, bwana."

Paka-paka, paka-paka. Sakafu ikaanza kuonekana.

"Mbona sasa inabana?"

"Ni fundo la kwanza."

"Chungu kiko wapi?"

"Karibu!"

Paka-paka, paka-paka. Mwana mkubwa wa Bi Panya akakunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena kwa furaha. Jua likapanda. Jiwe likapata moto, na chokaa ikakauka pole pole kama ukuta wa nyumba mpya.

"Mnamaliza lini? Miguu inaniuma!"

"Karibu, bwana, karibu! Haya, vuta!"

Ngiri akavuta. Mkia ukatoka mzito kama mchi wa kutwangia. "Ohoo, chungu hicho!" akapiga kelele, akatimua mbio kuteremka kilima, mkia juu, asije akaombwa na mtu hata tonge. Alipofika bondeni akageuka auone uji wake. Hakuna uji. Akageuka tena. Mkia ukageuka naye, mweupe, umesimama kama mlingoti.

Akajaribu kuushusha. Wapi! Akaugonga kwenye mti, akaoga mtoni, akagaagaa matopeni. Chokaa ya juu ikabanduka vipande vipande. Lakini ile iliyopenya ndani ilikuwa imeshakaza misuli, na mkiani mwa Ngiri hakuna Bi Panya wa kuikwangua. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akikimbia, mkia wake husimama wima.

Majirani walimwona tangu mbali. Kila alipopita, kila konokono wa kila chembe alivuta pembe zake, nyup, nyup, nyup, kilima kizima. Alipokwisha kupita wakatoka, wakaulizana, na habari ikaenda kutoka chembe hadi chembe mpaka ikamfikia yule jirani wa Bi Panya.

Mlangoni, Konokono akatoa pembe moja, akaipepesa, kisha ya pili. Mara akahisi: tip-tip, tap.

"Kari..." Mkia wake ukainuka. Lakini safari hii akavuta pembe moja kabla haujapiga, akatazama kwa ya pili. "Geuka kwanza, nikuone uso."

"Uso wangu ni huu huu, bawabu," jirani akasema. Kichwani alikuwa na kikapu cha ulezi, na ndani ya nguo kulikuwa na vipande vya chokaa alivyookota njiani, vilivyodondoka mkiani mwa Ngiri. "Mlinilisha juzi. Leo nimekuja kulipa hodi kwa hodi."

Bi Panya akapika uji. Panya wakanywa, wakavikwangua vile vipande, kwangu-kwangu, wakavirudisha mtungini pamoja na ile chokaa kidogo iliyosalia, wakafunika. Konokono akapewa jani kubwa kuliko siku zote.

"Upande upi leo?" Bi Panya akauliza.

"Leo pande zote mbili, mama. Mgeni ameona haya, na mwenyeji amechoka."

Funzo la hadithi hii, watoto wazuri, ni hili: mgeni akipiga hodi, mfungulieni upesi, msimwangalie uso, msimchunguze mkia, na akitaka cha pili mpeni cha tatu. Mbona mnacheka? Haya, aliye na funzo bora na aje kulisema mlangoni, lakini ageuke kwanza nimwone.

Niliingia na ulimi, na ulimi natoka nao.
— Na hadithi?
Iko mtungini.
— Na kifuniko?
Kimefungwa, puu!