Kitabu cha Fundi na Nyumba Yenye Bomba

Hapo zamani, si zile za sungura kusema, bali zamani za juzi tu, shule moja ya Makete ilikuwa na kompyuta ya Linux, jina ambalo Mwalimu Mkuu Mahenge alidhani ni la dawa ya upele. Fundi aliyeifunga alihama, akaacha mezani kitabu kinene cha Kiingereza chenye amri zake zote. Mahenge akaagiza kichomwe, kilimjazia meza.

Ikafika siku ya mwisho ya kupeleka majina ya watahiniwa sitini na watatu. Mahenge akabonyeza hapa, akabonyeza pale, majina yakapotea, kioo kikawa cheusi. Yasipotumwa kabla ya saa kumi, watoto hawafanyi mtihani. Jasho likamtoka na baridi yote ile ya Makete. Akatangaza kwamba atakayeyarudisha atapewa nyumba ya shule iliyo wazi, ile yenye bomba ndani.

Bi Atupele, mfagizi, akakitoa kitabu kabatini chini ya matambara. Hakukichoma. Kiingereza hajui, ila alizijua kurasa ambazo fundi alizishika mpaka zikaingia weusi. Akazifunua. Mwalimu Tweve wa Kiingereza akasoma, akaipata amri ya kutafuta faili, akaitaja herufi kwa herufi. Eda, karani, akachapa. Majina yakaonekana yalikojificha. Tweve, kwa furaha, akaruka mstari, akataja amri nyingine akidhani ni ya kuyahamisha. Eda akaichapa, kisha akaondoa mikono, akakataa kubonyeza kitufe cha kuikamilisha, maana alikiona kidole cha Tweve kikiruka mstari.

"Mwalimu, soma tena."

Akasoma tena. Ilikuwa ya kufuta.

Wakarekebisha, na saa tisa na nusu majina yakaenda. Kizaazaa ndipo kilipoanza.

"Mkuu, bila mimi mngesoma majivu," akasema Bi Atupele.

"Na bila mimi kingebaki kitabu cha kukalia," akasema Tweve.

Eda akamtazama. "Ningekutii wewe, kaka, sasa hivi tungewaambia nini wazazi?"

Mahenge akazizungusha funguo za nyumba mkononi, kichwa nacho kikizunguka. Akimpa Atupele, amemzawadia aliyekaidi agizo lake. Akimpa Eda, huyo naye kamkaidi mwalimu. Akimpa Tweve mtiifu, ndiye aliyekaribia kuwafuta watoto. Akafikiria hata kuichukua mwenyewe, maana bila yeye majina yasingepotea, wala yasingepatikana, akaona haya.

Basi ninyi mnaonicheka, mngekuwa Mahenge, hizo funguo mngemkabidhi nani?