Kwa Nini Chai Hupauka Ikitiwa Limau

Msinung'unike kwamba nimewabania majani. Chai hii niliipika ikawa nyeusi tititi. Imepauka mbele ya macho yenu nilipokamua limau, na kosa si langu. Kuna sababu, na sababu yenyewe hunisisimua mwili kila ninapoisimulia.

Zamani, kabla chai haijajifunza kuogopa, rangi yake haikubadilika. Ungeitia asali, limau, hata maji ya mto, ingebaki nyeusi vile vile. Watu wa milimani waliipenda kwa hilo, wakasema ina moyo mgumu.

Siku hizo binti aliyeposwa aliwapikia wakwe zake chai ya baridi. Aliichemsha alfajiri, akaitia asali ingali moto, maana ikishapoa asali hulala chini tu. Kisha chungu kiliachwa kipoe hadi adhuhuri, na aliyekilinda peke yake ndani ya nyumba alikuwa shangazi wa bwana harusi. Ndiyo ilikuwa desturi. Shangazi ni baba, nani angemshuku? Chai ikipoa, binti alikamua limau, akatia barafu ya mvua ya mawe iliyofukiwa shimoni kwa majani ya mgomba, akanywa wa kwanza mbele ya wote.

Ikafika zamu ya Sikudhani, binti mpole aliyechuma chai tangu utotoni. Shangazi wa mchumba wake aliitwa Bi Mwanakesi, na huyu, Mungu apishe mbali, alikuwa amemtengea kijana yule binti yake wa kumzaa. Alipobaki na chungu akafungua pindo la kanga, akatoa unga wa mzizi wa kuulia panya, akaukoroga humo kwa kidole. Kisha akajifuta, akaketi, akawa anaimba. Anaimba! Hakuna mtu aliyemwona. Lakini chai ilimwona.

Adhuhuri wageni wakajaa uani. Sikudhani akapiga magoti, akasema, "Shikamoo shangazi, ahsante kwa kunilindia."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa, tuone mkono wako."

Sikudhani akajaza kata, akakamua limau. Tone la kwanza lilipogusa chai, ile chai iliyokuwa imejikaza tangu asubuhi ikashindwa kuvumilia. Weusi ukaitoka kama damu inavyomtoka mtu usoni akiona jambo la kutisha. Ikapauka mbele ya watu wote. Wanawake wakashika vifua. Mzee mmoja aliangusha fimbo yake na asiiokote. Sikudhani akabaki na kata imefika mdomoni.

"Usinywe!" Mzee Shekue, baba wa kijana, alikuwa ameshasimama. Akamgeukia dada yake. "Dada, tangu alfajiri chungu hiki kilikuwa na nani?"

"Si mimi? Desturi ndiyo iliyoniweka."

"Basi kunywa wewe."

Bi Mwanakesi akatazama kata. Akatazama watu. Akasema hana kiu. Jua lilikuwa la utosi, na mwanamke yule alikuwa hajatia tone la maji kinywani tangu asubuhi! Hapo kila mtu akaelewa. Mzee Shekue, ambaye alilelewa mgongoni kwa dada huyo, akalia kwa sauti, na ndoa ikafungwa siku ile ile bila shangazi huyo. Bi Mwanakesi aliteremka mlima peke yake, na hakuna aliyemsindikiza.

Na tangu siku hiyo chai ikiguswa na limau hupauka, kwa maana mshtuko ule haujaitoka mpaka leo. Na tangu siku hiyo chai ya baridi huonjwa kwanza na yule aliyekaa nayo ikipoa, hata awe shangazi, hata awe mama mzazi.

Hii hapa niliilinda mimi. Nitazameni vizuri ninapokunywa, na mkiona nimesita, kimbieni.