Mpenzi wa Mungu Hula kwa Watu

"Mpenzi wa Mungu hula kwa watu." Mmemsikia leo Bi Rehani akimrushia mkwewe methali hii, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Sogeeni basi, na anayetafuna atafune taratibu nisikike. Chanzo chake ni ugomvi wa majirani katika mtaa wa Ukutani, ambako nyumba zimeshikana hivi kwamba ukipiga chafya kwako, unaombewa rehema kwa jirani. Nitaanzia katikati ya ugomvi wenyewe, maana ndipo mtaa mzima ulipofungua madirisha.

"Alikuwa na haja gani ya kusema?" Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni kwake, upawa mkononi. "Nani angekufa? Nani angeugua? Watu wangekula, wangeshiba, wangemwombea dua mwanangu, wakaenda zao!"

"Wangekula kibudu!" Bi Mize akamjibu kutoka dirishani, ng'ambo ya kichochoro. "Haramu haigeuki halali kwa kutiwa bizari, Kazija. Kweli ni kweli, hata ikikuunguzia nyumba."

"Iunguze yako basi! Wewe siku ile ulikuwa na mtoto wa kuoza?"

"Sikuwa naye. Ndiyo maana akili yangu ilikuwa mahali pake."

Faki kinyozi, aliyekuwa akimnyoa mteja kibarazani, akaacha wembe hewani. "Mmoja wenu anatazama amri, mwingine anatazama mwisho wa mambo. Mimi namtazama mtu mwenyewe. Kichwa cha Vuai nakijua. Mtu mwenye moyo mzuri, afanyalo lote…"

"Nyoa wewe!" wakamwambia wanawake wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee waliloafikiana alasiri ile.

Na huyo Vuai waliyekuwa wakimgombania alikuwa hapo hapo, nyuma ya mlango wake uliorudishwa nusu, ameshika sahani ya wali ulioungua. Alisikia kila neno. Aliusikia ugomvi ule kwa hamu ambayo mwenyewe aliionea aibu, kwa sababu tangu harusi ile ilikuwa ni mara ya kwanza watu kulitaja jina lake karibu na mlango wake.

Vuai alikuwa mchinjaji. Siku ya harusi ya Mwanakheri, binti wa Bi Kazija, ndiye aliyeitwa, kama alivyoitwa katika shughuli zote za mtaa. Ada yao ilikuwa hivi: mnyama wa harusi hufungwa uani, na hakuna aingiaye huko ila mchinjaji na mwenye shughuli. Wanawake hukaa upande wa mafigani, sufuria zimeinjikwa, lakini hawagusi nyama mpaka mchinjaji atoke na kutamka neno moja: "Halali!" Hapo vigelegele hupigwa, na harusi ndipo inapohesabiwa kuwa imeanza.

Asubuhi ile ng'ombe alikuwa amekata kamba akavamia rundo la maganda ya muhogo mchungu. Vuai alipoingia uani na Pandu, mume wa Bi Kazija, walimkuta ng'ombe amelala ubavu, tumbo limefura kama ngoma. Vuai akamkimbilia, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu. Damu haikuruka. Ilitoka kwa uvivu, kama uji mzito, na miguu haikupiga hata mara moja.

Wakatazamana.

"Umechinja," Pandu akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuona kwa macho yangu."

"Nimepitisha kisu kwenye mzoga, Pandu."

"Alikuwa na pumzi kidogo."

"Wewe uliiona?"

Pandu akageukia mlango wa ua. Nje ya ua mtu alikuwa akitwanga vitunguu saumu huku akiimba. "Wakwe wako njiani," akasema. "Sina ng'ombe mwingine, wala pa kumpata sipajui. Kama kuna dhambi, naibeba mimi, Vuai. Siku ya siku nitaijibia mwenyewe. Wewe toa neno moja tu."

"Hawatakula nyama yako, ndugu yangu. Watakula neno langu."

"Basi usiseme kitu. Pita kimya. Watadhani umesahau."

Vuai alimwonea huruma kwelikweli. Mwanakheri alikuwa amejifunzia kutambaa katika ukumbi wake, na Bi Kazija alikuwa akimwita shemeji, kwa urafiki wa Pandu na yeye. Akapima heshima ya binti upande mmoja na matumbo ya wageni upande wa pili, na kila alipopima alirudi palepale: wale wageni hawakuulizwa. Walikuwa wanakuja na imani yao mkononi, waile pamoja na wali.

Akatoka. Wanawake wakainua nyuso, midomo imeshakaa mkao wa kigelegele.

"Kibudu," akasema. "Msikate hata kipande."

Kisha akafuta kisu, akakifunga katika kitambaa chake, akapita katikati ya sufuria na ukimya, akaenda nyumbani kulala. Aliamini kwamba kazi yake imekwisha.

Harusi ilifungwa, msije mkadhani haikufungwa. Lakini wakwe walilishwa wali kwa maharage, na maharage yenyewe yalipikwa kwa pupa, mengine yalikuwa bado yanagonga meno. Wanawake wa upande wa bwana harusi, midomo yao mnaijua, wakatunga wimbo papo hapo: "Tumekuja na chombo cha dhahabu, tumerudi na kunde za wenyewe." Tena si kunde, ni maharage, lakini nani atamrekebisha mkwe siku ya kwanza? Mwanakheri aliingia nyumba ya watu akiitwa Bibi Maharage. Alipokuja kumwona mama yake hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikomkata Bi Kazija maini.

Basi mtaa ukafanya nini? Hakuna aliyemtukana Vuai, wala hakuna aliyesema kuwa alikosea. Kinyume chake! Kila apitapo aliambiwa, "Ah, Vuai! Msema kweli mpenzi wa Mungu!" Sifa zake zikavuka mtaa. Watu wa mitaa ya mbali ambao zamani walikuwa na wachinjaji wao wakaanza kumfuata yeye, wakisema nyama iliyopita mkononi mwa Vuai unaila umefumba macho. Kazi ikaongezeka. Shingo za mbuzi, ambazo ndizo fungu la mchinjaji, zikajaa kwake mpaka paka wa Ukutani wakanenepa.

Lakini Vuai alikuwa mjane, na tangu marehemu mkewe alipomtangulia hakuwahi kula chakula cha jioni ndani. Wanaume wa kichochoro kile walikuwa wakitoa vyakula vyao barazani kwa Pandu, wanavikusanya katika sinia moja, wanakula na kuzungumza mpaka wali unakauka vidoleni. Yeye alikuwa akileta shingo yake ya mbuzi. Na mnajua desturi yetu: mtu akiwapita watu wanaokula, huambiwa karibu. Hata adui huambiwa. Hata mgeni asiyejulikana jina.

Jioni ya kwanza baada ya harusi alitoka kama kawaida, bakuli lake mkononi. Wanaume walikuwa wamelizunguka sinia. Waliposikia viatu vyake, kila mmoja akachota tonge kubwa akatia kinywani. Mdomo uliojaa hauwezi kusema karibu, na hakuna awezaye kuulaumu. Wakamtikisia vichwa kwa heshima, mashavu yamewavimba. Pandu alikuwa akitazama sinia. Vuai akasimama kidogo, akajifanya alikuwa akipita tu, akaenda mpaka mwisho wa kichochoro na bakuli lake la mchuzi, akarudi wakiwa wameshanawa.

Jioni ya pili ikawa vile vile. Baada ya hapo hakutoka tena.

Akaanza kujipikia. Wali wake ulikuwa ukoko chini na maji juu. Alikula amesimama, kwa sababu kukaa chini peke yake mbele ya sahani kulimwonyesha wazi mno kwamba hakuna mwingine anayekaa. Ukuta kati ya jiko lake na baraza ya Pandu ulikuwa mwembamba. Kupitia ukuta ule alisikia kila kitu: nani amemaliza pilipili, nani ametania nini, kicheko kilivyoanzia kwa Faki kikazunguka sinia lote. Siku moja alisikia mzaha, na kabla hajajua anafanya nini akaujibu kwa sauti, hapo jikoni, kijiko mkononi. Upande wa pili wakanyamaza ghafla. Wakangoja. Kisha wakaendelea na maneno mengine.

Upweke humfanya mtu ahojiane na nafsi yake, na Vuai alihojiana sana. Je, angenyamaza? Kila alipojiuliza alijibu hapana. Lakini swali jingine lilianza kumjia, nalo halikuwa na jibu la haraka. Baada ya kusema, kwa nini uliondoka? Mtaa ule ulikuwa na kuku kila ua. Angepita mlango kwa mlango, kisu mkononi, akisema, "Leteni kuku, tumwokoe binti yetu," nani angemnyima? Kabla ya adhuhuri sufuria zingekuwa zinachemka. Yeye alikuwa amelala, mikono safi kifuani.

Haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake alasiri ile, wakati Bi Mize na Bi Kazija wakirushiana maneno juu ya kichwa cha mteja wa Faki.

"Utasema usemayo," Bi Mize akafoka, nusu ya mwili wake imeshatoka dirishani, "lakini wahenga hawakukosea. Msema kweli mpenzi wa Mungu!"

"Kama ni mpenzi wa Mungu," Bi Kazija akapiga kelele, "basi akale kwa Mungu!"

Kumwambia mtu akale kwa Mungu ni kumwambia afe, na Bi Kazija mwenyewe alisikia alichokisema. Upawa ukashuka taratibu.

Mlango wa Vuai ukafunguka. Akatoka na sahani yake. Wengi hawakuwa wamemtazama vizuri kwa muda mrefu, maana walimsifu wakipita tu; kumtazama kungeleta mazungumzo, na mazungumzo yangeleta karibu. Sasa wakaona jinsi kanzu ilivyokuwa ikimning'inia.

"Kwa Mungu nitakwenda, Kazija," akasema. "Nikifika, natumaini nitakula. Lakini bado nipo hapa. Na hapa, mpenzi wa Mungu hula kwa watu."



"Mwambie, Vuai! Mwambie!" Bi Mize akasema kwa furaha.

Vuai akamgeukia. "Wewe, Bi Mize, umenitetea mpaka sauti inakukauka, nami nimekusikia na nimeshukuru. Lakini nikuulize jambo moja. Tangu harusi ile, umeniletea hata kipande cha andazi?"

Bi Mize akafungua kinywa. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukifungua na kisitoke kitu.

"Na wewe Faki. Kichwa changu unakijua, umesema. Mbona kinywa changu umekisahau?"

Faki akainama, akaendelea kumnyoa mteja mahali ambapo alikwisha kunyoa.

Vuai akarudi kwa Bi Kazija, na sauti yake ikapungua. "Kweli niliyoisema sitaifuta. Kesho akifa ng'ombe mwingine nitasema vile vile. Lakini siku ile nilisema, kisha nikaenda kulala, nikakuachia wewe sufuria tupu na wakwe mlangoni. Kusema sikukosea, Kazija. Nilikosea kuondoka."

Bi Kazija alikuwa akiitazama ile sahani: wali mweusi upande mmoja, mbichi upande mwingine, na kijiko kimesimama katikati chenyewe kama mti. Mwanamke aliyezoea kulisha watu hawezi kuficha uso wake mbele ya wali wa namna ile.

Maneno yale hayakulala mtaani. Kabla jua halijazama yalishafika kisimani, na kesho yake sokoni. Mpaka leo ndivyo tunavyosema. Tunamwambia anayemsifu mkweli kwa mdomo huku mlango ameufunga. Tunamwambia pia mkweli mwenyewe, akishasema haki yake akataka kujifungia nayo ndani kana kwamba haki ni mke. Wanaouliza nani alikuwa sahihi, Bi Kazija au Bi Mize, wako mpaka leo wanabishana, na acha wabishane, ubishi ni mzuri. Lakini jua likichwa kila mtu ana tumbo. Mpenzi wa Mungu hula kwa watu.

Bi Kazija siku ile hakuwa na habari kwamba anasikia methali. Alishuka ngazi ya mlango wake, akaichukua ile sahani mkononi mwa Vuai, akawamwagia kuku.

"Mimi sijakusamehe, shemeji," akasema. "Vua viatu, uingie ule."