Chumba cha Kutua

Mlango wa nyumba ile ulikuwa wa mbao nzito iliyopigwa msasa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto, na kitasa chake cha shaba kiling'aa kana kwamba hakijawahi kushikwa na mkono wenye jasho. Mnasihi alisimama mbele yake, mkoba begani, akajisemea kwamba watu wanaofanya kazi nyuma ya mlango wa namna hii bila shaka hulala usingizi wao wote.

Yeye usingizi ulikuwa umempa talaka. Tangu aache kazi hospitalini alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na humo, peke yake, alisikiliza misiba ya watu kutwa nzima. Kazi ya mnasihi ni kuwa kaburi: siri ikiingia haitoki. Lakini kaburi nalo hujaa. Siku hizi alikuwa akirudi nyumbani amefura kwa kimya, hata mumewe, fundi wa friji na mtu wa mzaha, akawa anabisha hodi kwenye meza ya chakula kabla ya kumsemesha.

Kwa hiyo mwaliko ulipokuja aliupokea kwa mikono miwili. Mkuu wa kituo kile cha wanasihi, mama wa makamo aliyejulikana kwa jina la Mama Utulivu, alimtaka awe mnasihi wa sita katika nyumba yake na aje na wateja wake wote. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Siku hiyo hiyo muuza magodoro alitaka kujua kama chumba kinabaki wazi, maana kinyozi mmoja alikuwa ameshaanza kupima mahali pa kutundika vioo.

"Usitie saini bado," mumewe alimwambia. "Kaa nao kwanza. Mimi friji siipimi kwa rangi. Naitia umeme, nasikiliza inavyonguruma."

Mama Utulivu hakuona ubaya. "Njoo ushinde nasi hadi Ijumaa, mwanangu," alisema. "Mgeni akila nawe ndipo anapokujua."

Ndani palikuwa peupe na pa baridi. Zulia lilimeza nyayo, viti vilimkumbatia mtu, na wanasihi watano walimpokea kwa tabasamu moja, kila mmoja akiinamisha kichwa upande wa kushoto. Hilo aliliona, akalipuuza. Watu wakikaa pamoja huambukizana hata miayo, sembuse tabasamu.

Alasiri, mteja wa mwisho alipoondoka, wote waliingia katika chumba cha duara upande wa nyuma. Mapazia yalikuwa wazi na jua liliingia tele. Waliketi magoti yakikaribia kugusana.

"Hapa tunatua mizigo," Mama Utulivu alimweleza. "Sharti letu ni moja tu. Hakuna kusema 'mteja wangu kaniambia'. Unasema 'mimi'. Hivyo jina la mtu halitajwi, na siri inabaki siri."

Mnasihi aliona busara ndani yake. Mwanamume mrefu mwenye kovu kidevuni alianza, macho ameyafumba. "Mimi nilimfungia mdogo wangu stoo," alisema taratibu. "Nilikuwa namtania. Nikaenda kucheza, nikasahau. Nilipofungua alikuwa amekaa kimya, ananiangalia, na tangu siku hiyo hakunisemesha tena."

"Tumepokea," wengine waliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini.

Nywele zilimsimama mnasihi. Hata hivyo, baada ya hapo walikunywa chai wakicheka kama watu waliotoka kuoga, na usiku huo alilala fofofo. Mumewe alifurahi, akasema laiti angejua angemnunulia viti vya duara zamani.

Siku ya pili walimwomba naye atue. Kwa kuwa hakuwa amesikiliza mteja hata mmoja pale, alitoa la kwake. Akawasimulia jinsi alivyokuwa akimchana mama yake wodini, simu ikaita, akatoka kuipokea. Aliporudi mama alikuwa amekata roho, chanuo lingali limechomekwa kichwani. Jambo hilo alikuwa hajawahi kumwambia mtu zaidi ya mumewe.

"Tumepokea," walisema, na kifua chake kikawa chepesi hata akashangaa. Alitoka akiwa ameshaamua. Ijumaa angetia saini.

Siku ya tatu alimkuta mnasihi mdogo kuliko wote jikoni akiosha vikombe, machozi yakimtiririka hadi kwenye povu.

"Kulikoni, mdogo wangu?"

"Namkumbuka mama," yule binti alijibu. "Nilikuwa namchana, simu ikaita. Nisingetoka, dada. Si ningeipuuza tu?"

Mnasihi alidhani anatua mzigo mahali pasipo pake. "Hapa jikoni huna haja ya kusema 'mimi'," alimwambia kwa upole. "Yule alikuwa mama yangu."

Binti alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa. "Mama yangu," alisema. "Wodi ile yenye kuta za kijani, kitanda cha dirishani."

Kuta zilikuwa za kijani kweli. Kitanda kilikuwa cha dirishani kweli. Mnasihi hakuwa amelitaja lolote kati ya hayo. Alitoka bila kuaga. Kwenye ukumbi alipishana na yule mwanamume mrefu, ambaye alimgusa bega na kunong'ona, "Pole. Mimi nami chanuo lile silali kwa ajili yake."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Utulivu. Alimweleza yote. Yule mama alimsikiliza huku kichwa amekiinamisha kushoto.

"Ndiyo raha ya nyumba hii," alisema. "Humu halii mtu peke yake."

"Na wewe, mama yako alikuwa nani?"

Lilikuwa swali la kawaida tu. Mama Utulivu alifungua kinywa kujibu, akanyamaza. Macho yake yalizunguka dari, yakashuka, yakapanda tena, na tabasamu halikumtoka muda wote huo. "Ngoja kwanza," alisema. "Yuko mmoja alikuwa kipofu. Yuko mmoja alinikimbia. Huyu wa chanuo..." Alicheka kidogo. "Ngoja, nitakumbuka."

Mnasihi alirudi nyumbani. Hakutaka kumtisha mumewe, basi walipokuwa wakila alijilazimisha kuzungumza mambo ya kawaida, mara ya utoto, mara ya michezo. Maneno yalimtoka yenyewe. "Mimi kuna kitu kinaniuma mpaka leo," alisema, na kilimuuma kwelikweli. "Nilimfungia mdogo wangu stoo."

Mumewe aliacha kutafuna. "Mdogo wako yupi?"

"Mdogo wangu. Alikaa kimya, ananiangalia..."

"Mke wangu," mumewe alisema polepole, mzaha umemkauka, "wewe ni kitinda mimba. Huna mdogo."

Alijua kwamba mumewe anasema kweli, na bado alikuwa akiyaona macho ya yule mtoto ndani ya giza la stoo. Alijaribu kumfukuza kwa kumwita mama yake akilini. Kisa cha wodini kilikuja chote, kimenyooka vizuri, lakini mahali pa uso wa mama pakawa patupu, na yeye hakusikia uchungu wowote. Hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kutoa jibu, alimpokea mteja wake wa zamani juu ya duka la magodoro. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache. Mnasihi alimweleza kwamba huenda akahamia kituo kikubwa.

Mzee akamuuliza, "Na yale niliyokueleza, utakwenda nayo?"

Mnasihi alishindwa kusema uongo. "Nikienda, yataniponyoka."

"Basi mimi sitakufuata huko, mwanangu. Ni machungu, lakini ni yangu. Nikinyang'anywa, huyu atakayebaki hapa kwenye kiti ni nani?"

Kauli hiyo ilimkata maini. Mzee alipoondoka, mnasihi alikwenda kwenye ile nyumba. Aliwakuta wote sita wameketi katika chumba cha duara, asubuhi kweupe, utadhani hawakuwahi kutoka. Aliwashukuru, akasema hatajiunga. Kisha akasema lile lililomleta.

"Naomba mama yangu."

Walitazamana kwa mshangao wa dhati. Binti wa jikoni ndiye aliyeanza. "Mama yangu..." alisema. "Mama yangu," yule mrefu alidakia, na wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, wakilia bila kukunja uso. Hakuna aliyekuwa akimdhihaki. Kila mmoja alikuwa amefiwa. Mnasihi aliondoka akikimbia, na nyuma yake sauti ya Mama Utulivu ilimsindikiza kwa upendo, ikimwambia hatafungiwa mlango siku yoyote.

Alimkuta mumewe uani, amepiga magoti mbele ya friji mbovu. Aliketi chini kando yake. "Niambie mama alikuwaje," alimwomba.

Mumewe aliweka bisibisi chini. Akamwambia jinsi mama alivyokuwa akicheka huku amefunika mdomo, jinsi alivyomwogopa mjusi, jinsi alivyokataa posa yao mara mbili, ya tatu akaipokea kwa kuwa alichoka kumwona mkwe yule mlangoni. Mnasihi alisikiliza kama anasimuliwa habari za jirani. Lakini mumewe hakuchoka. Aliposema kwamba mama alikuwa akijifanya amelala ili binti yake aendelee kumchana, kitu kilikatika kifuani mwa mnasihi, na machozi yakamshuka, ya moto na machungu, yake mwenyewe.

Kinyozi alitafuta chumba kingine. Mnasihi angali juu ya duka la magodoro, na anapoelemewa humwambia mumewe tu, "Leo nimechoka," wakakaa pamoja bila kusema neno. Uso wa mama ulimrudia, ingawa si wote. Na hadi leo, mara mojamoja akipita mbele ya stoo, husita na kumwomba radhi mtoto ambaye hakuzaliwa kwao. Seremala wa nyumba ile alikuwa bingwa, hilo halina ubishi, ila wahenga hawakumwonea waliposema kuwa nyumba njema si mlango.