Uji wa Bakuli Jipya

Paukwa!
Pakawa!
Kamba je?
Ya mvutaji!
Bakuli je?
La walaji!

Basi, hapo kale palikuwa na Faki, mkereza mabakuli, na mkewe Mize. Si mabakuli ya harusi, wajukuu zangu. Ni yale ya kila siku, ya uji na mchuzi. Faki alishika patasi akichonga, Mize akavuta kamba ya kulizungusha gogo. Vuta, achia, vuta. Watu waliyasifu mabakuli ya Faki. Mize hakuna aliyemtaja, na jambo hilo lilimuuma.

Siku moja Faki aliingia msituni kutafuta gogo. Adhuhuri Mize ameinjika uji, akimngojea, mara zimwi hilo uani! Bega moja limebeba gogo, bega la pili limebeba kapu, na ndani ya kapu yumo Faki, amefungwa, kichwa tu ndicho kinachoonekana.

Faki alikuwa akilia kwamba wao na zimwi ni majirani tangu enzi za babu. Zimwi likacheka.

"Mazimwi tuna mwiko mmoja tu," likasema. "Tukimla tuliyekula naye chombo kimoja, tumbo hupasuka. Wewe tumekula pamoja lini?"

Mize akalisikia neno lile, akaliweka moyoni.

Zimwi likamwambia Mize kuwa limechoka kula juu ya majani kama mbuzi. Linataka bakuli la kumlia Faki mzima, na linalitaka kabla jua halijatua. Jua likitua bila bakuli, wataliwa wote wawili, juu ya majani hayohayo.

"Mwenye patasi umemfunga," Mize akajibu.

"Hafunguliwi."

"Basi nitakereza mimi. Kamba utavuta wewe."

Zimwi likashika kamba. Vuta, achia, vuta. Mize hajawahi kushika patasi, lakini alikuwa ameitazama miaka yote akiwa upande wa kamba. Patasi ikateleza, ikamkata kidole. Akaifunga damu kwa kitambaa, akaendelea. Maranda yakaruka, jua likashuka. Vuta, achia, vuta. Zimwi likatoka jasho, tumbo likaanza kunguruma kwa njaa.

Bakuli likakamilika. Zimwi likaachia kamba, likamwendea Faki.

"Subiri," Mize akasema. "Bakuli jipya lina uchungu wa mti. Ukilia nyama humo utaitema. Huo uchungu hutolewa kwa uji wa moto, na huyo mume wangu ndiye anayejua kuuonja."

Zimwi likanuna, likakubali.

Mize akamimina uji bakulini, akauzungusha, akamlisha Faki kwa upawa.

"Mchungu," Faki akasema. Na kweli ulikuwa mchungu.

Mize akaumwaga, akamimina mwingine. Safari hii ulikuwa mtamu. Na Faki, mnajua tena, ni mtu asiyejua kusema uongo! Akafungua mdomo. Mize akamkazia macho, macho ambayo Faki hajayaona tangu siku ya posa.

"Mchungu," akasema taratibu.

Mize akaumwaga. Akamimina wa mwisho, chungu kikabaki kitupu. Jua limegusa miti. Faki akaonja.

"Mchungu bado."

"Mwongo!" zimwi likanguruma. "Lete nionje mwenyewe."

Likalinyakua bakuli. Likaonja kidogo. Kamba ilikuwa imelitia njaa kali, likainamisha kichwa, likaunywa wote mpaka likaramba mti. Halafu likainuka, likamnyanyua Faki, likapanua kinywa.

"Mle," Mize akasema. "Umekula naye chombo kimoja. Mle, tuone hilo tumbo."

Zimwi likasimama vile vile, kinywa wazi. Polepole likamweka Faki chini. Likachukua bakuli lake, likaenda zake msituni bila kuaga, na hawakuliona tena.

Asubuhi Mize akaenda kukaa mahali pake, penye kamba. Akamkuta Faki ameshakaa pale, kamba mkononi.

"Leo navuta mimi," Faki akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye bakuli na aoshe, mwenye njaa na anawe. Mjue, wajukuu: anayevuta kamba naye ni mkereza. Msingoje zimwi lije kuwaambia.