Zimwi Lililokataa Kachori Zitobolewe

Paukwa!

Pakawa!

Kaa kitako, wewe unayechungulia jikoni. Kachori haziivi kwa kutazamwa.

Hapo kale, katika mji wa vichochoro vyembamba, aliishi mama mmoja wa Kihindi, Shirinbai, na bintiye Nargisi. Kazi yao ilikuwa kuuza kachori za njegere mlangoni kwao. Mtu akinunua, Shirinbai huitoboa kwanza kwa kidole gumba, mvuke utoke, ndipo anamimina chatne ya ukwaju. Wenye haraka zao walinuna. Yeye hakujali.

Siku moja Nargisi alichukua kikapu, akaenda shambani kuchuma njegere. Zimwi likamwona, likammeza mzima mzima. Kisha, bila haya, likabeba kikapu chake mpaka mlangoni kwa mama mtu.

"Mwanao yumo humu," likasema, likijipiga tumbo. "Amenitia hamu tu. Nipikie kachori nishibe, nitamtoa. Jua likizama sijashiba, namsaga."

Na kweli, tumboni ikasikika sauti: "Mama, nipo!"

Jamani, wanangu! Shirinbai akakipokea kikapu. Akamenya njegere, akazichemsha, akaziponda.

"Lete!" likasema zimwi.

"Bado."

Akazikaanga kwa pilipili mbichi, tangawizi na bizari nyembamba, harufu ikajaa mtaa mzima. Zimwi mate yakalichuruzika.

"Lete!"

"Bado."

Akakanda unga, akajaza njegere, akafumba vizuri, akazitumbukiza karaini kwa moto wa polepole. Zikaumuka, zikawa mviringo, zikaiva rangi ya kupendeza. Jua nalo lilikuwa limegusa mapaa. Akaziopoa, akazipanga kwenye sinia.

"Lete!"

"Bado. Sijazitoboa. Ngoja zitoe mvuke."

Zimwi likaona linacheleweshwa makusudi. Likanyakua sinia, likazimimina zote kooni, likafumba mdomo.

Basi! Mvuke ukatafuta njia. Pilipili ikatafuta njia. Na Nargisi naye akatafuta njia. Zimwi likavimba, likatoa macho, likapiga chafya moja iliyofungua madirisha ya mtaa mzima, na Nargisi akachomoka, puu, akaangukia gunia la unga! Zimwi likatoka mbio kutafuta maji, na mpaka leo halijarudi.

Shirinbai akamkumbatia mwanawe. Akalia kwa furaha. Nargisi, mweupe kwa unga toka kichwani mpaka miguuni, alikuwa anatafuna. Kumbe alidaka kachori moja njiani.

"Mama," akasema, "chumvi haijakolea."

Hadithi yangu imeishia hapo, na karai langu limepoa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Haya, sogeeni sasa, lakini toboeni kwanza.